Kwa Nini Mama Chui Huwaacha Watoto Wake Peke Yao?



Wiki mbili zilizopita, darasa la wadogo tuliangalia filamu fupi ya wanyama wa Afrika Mashariki. Niliichagua ili tujifunze majina: simba, twiga, fisi, ngiri, chui. Katika sehemu moja, mama chui anawalamba watoto wake wawili chini ya jiwe, kisha anainuka na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Watoto wanabaki gizani wakimtazama. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona anawaacha? Hawapendi?"

Kabla sijajibu, mwenzake aliyekaa karibu na dirisha alimjibu, kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa: "Ameenda zamu ya usiku."

Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi usiku kwa miaka mingi, na najua jinsi mtoto anavyokutazama unapovaa koti na viatu saa ambayo yeye anapanda kitandani. Najua pia kwamba hapa Lawrence Heights nyumba nyingi zina mzazi anayetoka jioni: kusafisha ofisi, kuhudumia wazee, kuendesha teksi, kupanga mizigo ghalani. Kwa hiyo niliona swali lile linastahili jibu kamili, si la haraka haraka kabla ya kengele. Jibu lenyewe ni hili. Wakubwa, wasomeeni wadogo.

Kwanza, chui ni yupi?

Wengi wetu huchanganya chui na duma. Wote wawili wana madoa, lakini si ndugu wa karibu sana na hawaishi maisha ya namna moja.

Duma ana madoa ya duara yaliyojaa, kana kwamba mtu amechovya kidole kwenye wino mweusi na kumgusa mwili mzima. Chui ana mabaka yaliyokusanyika kama ua, na katikati ya ua rangi yake imekolea kidogo. Duma ana mistari miwili myeusi usoni, kutoka machoni hadi mdomoni, kama njia za machozi. Chui hana. Duma ni mwembamba, miguu mirefu, mkimbiaji wa mchana. Chui ana miguu mifupi kidogo, shingo nene na mabega yenye nguvu. Ni mpanda miti, na usiku ndio wakati wake mkubwa wa kazi.

Mkipita Yorkdale na mama zenu, angalieni makoti na mikoba yenye madoa, muone kama mtaweza kutambua ni ya chui au ya duma. Mtawashangaza watu wazima.

Jambo jingine: hakuna chui wawili wenye mabaka yaliyopangwa sawasawa. Ni kama alama za vidole vyetu. Ndiyo maana watafiti na madereva wa watalii wanaweza kumtazama chui mmoja na kusema, "Huyu ni yule wa mwaka jana," nao wakawa wanasema kweli.

Kwa nini anawaficha?

Mama chui hubeba mimba kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mara nyingi huzaa watoto wawili, lakini anaweza kuzaa mmoja au watatu. Mtoto akizaliwa hafikishi kilo moja, na macho yake yamefumba. Inapita wiki nzima, au zaidi kidogo, kabla hayajafumbuka. Nimewahi kuhudumia watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao. Mtoto mchanga wa chui ni mwepesi hata kuliko wengi wao, na yeye hana chumba chenye joto wala mashine inayolia akipata shida. Ana mama tu.

Na mama huyo yuko peke yake. Tazameni simba. Simba jike huishi na dada zake, mama yake na shangazi zake. Wakizaa kwa wakati mmoja, huwaweka watoto pamoja na hata kunyonyesheana. Mmoja akienda kuwinda, mwingine yupo. Chui hana ukoo wa namna hiyo. Huishi peke yake, huwinda peke yake na kulea peke yake.

Tena si mnyama mkubwa kama mnavyodhani. Chui jike mara nyingi hafikishi kilo 50. Fisi madoa mmoja anaweza kumzidi uzito, na fisi mara nyingi huja kundi. Simba jike ana zaidi ya kilo 100. Kwa hiyo adui akiwafikia watoto, mama chui anaweza kupigana, lakini hana hakika ya kushinda. Akiumia vibaya hataweza kuwinda, na asipowinda watoto watakufa njaa hata kama adui amekimbia.

Basi ulinzi wake wa kwanza ni kuficha. Hutafuta pango dogo kwenye mawe, au kichaka kizito cha miiba, au mti wenye tundu. Huwaweka humo, na watoto hujifunza somo lao la kwanza maishani, ambalo ni kunyamaza.

Kuhama, kuhama tena

Ficho likikaliwa siku nyingi hupata harufu. Harufu ya maziwa, ya mkojo, ya mama mwenyewe anayeingia na kutoka. Fisi ana pua kali. Kwa hiyo mama chui hahesabu ficho moja kuwa ndiyo nyumba. Kila baada ya siku kadhaa huwahamisha watoto wake kwenda mahali papya. Humkamata mtoto kwa ngozi ya shingoni, kwa meno yale yale yanayoua swala, bila kumkwaruza. Mtoto akishikwa hivyo hulegea na kutulia. Mama humpeleka, humweka, kisha hurudi kumchukua mwenzake.

Wengine hapa mmeona jambo linalofanana na hili bila kwenda Afrika. Rakuni wa Toronto, yule mwizi wa mapipa ya taka, huzaa watoto wake wakati wa masika darini au chini ya ngazi. Mahali pakianza kelele au hatari, mama huwabeba mmoja mmoja kwa mdomo hadi kwenye ficho jingine.

Na katika mtaa wetu, ambako nyumba za zamani zinabomolewa na mpya kujengwa, watoto wengi mnajua maana ya kuhama. Mnajua maboksi, mnajua kulala chumba kisichozoeleka. Mnajua pia kwamba siku ya kuhama, mkono wa kwanza unaoutafuta ni wa mama au wa baba. Mtoto wa chui naye hajui anapelekwa wapi. Anachojua ni nani amembeba.

Zamu ya usiku

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Anakwenda wapi?

Mama anayenyonyesha lazima ale. Mama zenu watawaambia jinsi njaa ya kunyonyesha ilivyo. Chui akikosa chakula, maziwa hupungua. Basi huondoka, mara nyingi jioni au usiku, kwenda kutafuta swala pala, swala tomi, digidigi, ngiri mdogo, sungura, kanga au pimbi. Hakimbizi windo mbali kama duma. Hunyemelea. Hutambaa tumbo likigusa majani, husimama, husubiri, hutambaa tena, mpaka abakishe hatua chache tu. Ndipo anaporuka. Mara nyingi hukosa, na akikosa huanza upya mahali pengine.

Ndiyo maana hawezi kwenda na watoto wachanga. Mtoto mmoja akilia tu, swala wote wamekwenda. Na watoto wakiwa nje usiku, wao ndio watakuwa windo la fisi. Kwa hiyo huwaacha mahali palipojificha na kwenda mwenyewe. Anaweza kukaa huko usiku kucha, na mara nyingine hata zaidi ya siku nzima.

Akipata, kazi haijaisha. Simba na fisi watakuja kumnyang'anya. Hapo ndipo mtamwona akifanya jambo la ajabu: hukamata mzoga, wakati mwingine wenye uzito unaokaribia wake mwenyewe, na kupanda nao juu ya mti. Katika bonde la Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti, watu hutazama sana migunga na miegea, ile miti yenye matunda marefu kama soseji, kwa sababu matawi yake manene ndiyo kabati la chakula la chui.

Kisha hurudi. Akikaribia ficho, huita kwa sauti ndogo. Chui ana sauti kubwa ya kutangaza mipaka yake, inayofanana na msumeno unaokata mbao, lakini kwa watoto huita kwa upole, kama pumzi inayopulizwa puani. Mawe yaliyokuwa kimya huanza kutoa masikio, kisha vichwa, kisha watoto wawili wanaokimbia.

Wakifika umri wa miezi miwili hivi, utaratibu hubadilika. Badala ya kurudi na maziwa tu, huja kuwachukua na kuwapeleka kwenye nyama. Kwenye miezi mitatu huanza kuacha kunyonya.

Baba yuko wapi?

Swali hili pia liliulizwa darasani, nami nitalijibu kwa ukweli.

Chui dume halei watoto. Hawaletei chakula. Lakini eneo lake ni kubwa, na huwafukuza madume wengine wanaoingia humo. Kwa njia hiyo, bila kukaa nao, huwakinga. Dume mgeni akishinda na kulichukua eneo, watoto wadogo wako hatarini, kwa sababu mara nyingi huwaua. Mama asiponyonyesha huweza kupata mimba tena, na mgeni hutaka watoto wake mwenyewe. Ni jambo gumu kulisikia, lakini bila kulijua hatuwezi kuelewa kwa nini mama chui anajificha hata kwa chui wenzake.

Katika hifadhi ya Sabi Sand huko Afrika Kusini, ambako watu wamefuatilia chui mmoja mmoja kwa miaka mingi, imeonekana kwamba zaidi ya nusu ya watoto hawafiki umri wa kujitegemea. Simba, fisi na madume wageni ndio sababu kubwa. Kwa hiyo ukimwona chui kijana anatembea na mama yake, jua mama huyo amefanya kazi kubwa ambayo hukuiona.

Masomo ya mama

Chui ana ncha ya mkia yenye rangi nyeupe kwa chini. Mama akitembea na watoto kwenye nyasi ndefu, huinua mkia na kuukunja, na ule weupe huonekana. Watoto huufuata kama sisi tunavyofuata taa ya nyuma ya gari kwenye theluji. Akitaka kunyemelea, huushusha.

Watoto hucheza kwa kuviziana, kurukiana na kuuma mikia, na mchezo huo ndio shule yenyewe. Huanza kukamata wadudu, ndege na pimbi kabla ya kujaribu swala. Wengi hujitegemea wakiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, wengine mapema kidogo, wengine wakikaribia miaka miwili.

Mtoto wa kiume huenda mbali. Mtoto wa kike mara nyingi hubaki jirani na mama, na wakati mwingine mama humwachia sehemu ya eneo lake. Katika Masai Mara nchini Kenya, mpiga picha Jonathan Scott alifuatilia miaka ya 1980 mama aliyemwita Chui tu, kwa Kiswahili chetu. Katika miaka ya 1990 akafuatilia mwingine aliyeitwa Half-Tail kwa sababu mkia wake ulikuwa umekatika nusu, na binti yake aliyepewa jina la Zawadi. Kipindi cha televisheni cha BBC kilichoanza mwaka 1996, Big Cat Diary, kiliwafanya mama na binti hao wajulikane dunia nzima. Zawadi alipokuwa mkubwa, alilea watoto wake kwenye mawe na mabonde yale yale aliyoyajua kwa mama yake.

Siku mtakapokwenda kuangalia

Hapa Kanada mtu akisema "safari" anamaanisha kwenda kuangalia wanyama kwa gari. Kwetu safari ni safari yoyote, hata ya kwenda Mwanza kwa basi. Lakini najua familia kadhaa zinaweka akiba ili likizo ya kiangazi ziende nyumbani kuwaona bibi na babu, na zikipata nafasi zipite mbugani. Haya ni kwa ajili yenu.

Chui haonekani kwa kutafutwa kwa macho peke yake. Madereva wazoefu husikiliza. Swala pala akimwona chui hutoa sauti ya kukoroma na kusimama akitazama upande mmoja. Kanga hupiga kelele. Nyani hubweka. Na tumbili wana kitu ambacho nawapenda nacho sana, kwa sababu kinafanana na shule yetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walirekodi sauti za tumbili huko Amboseli, Kenya, kisha wakazipiga kwa spika iliyofichwa. Waliona kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Wakisikia mlio wa chui, hukimbilia juu ya miti. Wa tai, hutazama angani au kuingia kichakani. Wa nyoka, husimama kwa miguu miwili na kutazama chini. Tumbili mdogo hukosea: anaweza kupiga mlio wa tai akiona jani linaanguka. Polepole, akiwasikiliza wakubwa, hujua kuutumia mahali pake. Watoto wangu, mkikosea ngeli msione aibu. Hata tumbili huanza hivyo.

Sasa niwaeleze kilichonipata mimi. Nilikulia Bunda, upande wa magharibi wa Serengeti, na utoto wangu wote sikuwahi kuingia hifadhini. Chui tulimjua kwa habari za mbuzi waliochukuliwa usiku. Niliingia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, natokea Toronto, na watoto wangu wawili, kwa pesa niliyoikusanya kwa zamu za ziada.

Siku ya pili, Seronera, tulimwona chui jike akishuka kwenye mgunga. Magari yalianza kufika. Matano, kumi, nikaacha kuhesabu. Alitembea hatua chache kuelekea kundi la mawe, akakuta gari. Akazunguka, akakuta jingine. Akalala chini, masikio nyuma, akitazama mawe yale. Watu walifurahi kwa sababu alikuwa ametulia na picha zilikuwa nzuri. Dereva wetu hakufurahi. Akaniambia, "Dada, mimi nashauri tuondoke."

Binti yangu alilia. "Anko, mbona tunaondoka na ndiyo kwanza tumemwona?"

"Mwanangu, chuchu zake umeziona? Ananyonyesha. Watoto wako kwenye yale mawe. Hapo hajapumzika, sisi ndio tumemzibia njia."

Tukaondoka. Magari mawili nyuma yetu nayo yakaondoka. Watoto wa chui hatukuwaona, na ile pesa ya zamu zangu hairudi. Lakini ndani ya gari nilikuwa nikiwaza watoto waliokuwa kwenye mawe yale, wamenyamaza kama walivyofundishwa, wakisubiri sauti moja tu.

Kwa hiyo naomba mkumbuke haya:

1. Msimwombe dereva asogee karibu zaidi. Akisogea mtafurahi dakika tano, mama atalipa. Katika Hifadhi ya Serengeti gari haliruhusiwi kutoka barabarani kufuata mnyama, na mnaweza kumponza dereva wenu.

2. Tazameni macho ya mama. Akitazama mahali pamoja mara kwa mara, huenda watoto wako huko. Msikae katikati.

3. Nyamazeni. Hakuna kupiga makofi, kupiga mluzi wala kugonga mlango ili ageuke kwa ajili ya picha.

4. Mkikuta magari mengi, piteni. Magari mengi hutangaza ficho. Fisi naye ana macho.

5. Mkiona watoto peke yao, msiseme wametupwa. Mama yuko kazini. Ondokeni.

Na wanaoishi naye jirani?

Si haki kumsifu chui tukiwa mbali, bila kuwataja wanaolala naye jirani. Mbuzi mmoja kwa mfugaji wa Mara ni ada ya shule. Zizi lenye ukuta imara na mlango unaofungwa huokoa mbuzi na huokoa chui pia, kwa sababu chui anayezoea mbuzi mwisho wake huwa ni mkuki, mtego au sumu.

Wazazi wa Unguja wanajua hadithi yenye mwisho mwingine. Kisiwani kulikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Wengi waliamini kwamba wachawi huwafuga na kuwatuma kudhuru watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, chui walisakwa kwa nguvu, na mpaka leo wanahesabika kuwa wametoweka. Kisiwa ni kidogo. Mama akifukuzwa kwenye ficho moja, hana mbali pa kwenda. Bara bado wapo, lakini tangu mwaka 2016 chui kwa ujumla amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kutoweka.

Turudi darasani

Mwanafunzi wangu uliyeuliza: hapana, si kwamba hawapendi. Mama chui angewachukia, asingehangaika kuwaficha, asingewahamisha mmoja mmoja usiku, na akishapata nyama angekula peke yake na kulala. Anaondoka kwa sababu ya wale wale anaowaacha.

Na wewe uliyejibu: ulisema kweli. Ila kuna tofauti moja ambayo mimi, kama muuguzi, sitaki ipite. Chui hana jirani, hana shangazi, hana bibi wa kupigiwa simu. Sisi tunao, au tunapaswa kuwa nao. Mtoto wa binadamu haachwi peke yake kichakani. Mzazi anayefanya kazi usiku na hana wa kumwachia mtoto, tafadhali semeni nasi Jumamosi mnapowaleta. Kati yetu kuna wanaofanya kazi mchana, na wanaofanya usiku. Tukipanga vizuri, tunaweza kuwa kama simba katika hilo.

Kwa watoto: asubuhi mzazi wako anaporudi na macho mekundu na viatu mkononi, kabla ya kumwomba simu, mpe kwanza salamu. "Shikamoo, pole na kazi." Ni maneno manne tu, na mwenye kurudi huyasikia kuliko mnavyofikiri.

Maneno ya wiki

*Zamu*: muda wa mtu kufanya kazi kabla ya mwenzake kumpokea.
*Ficho*: mahali pa kujificha. Yakiwa mengi, maficho.
*Kunyemelea*: kwenda polepole na kimya ili usionekane.
*Windo*: mnyama anayewindwa.
*Mzoga*: mwili wa mnyama aliyekufa.
*Baka*: alama kubwa ya rangi kwenye ngozi. Yakiwa mengi, mabaka.
*Mtoto njiti*: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake.

Ya kuzungumza nyumbani, kwa Kiswahili

Muulize mama, baba, bibi au babu, hata kwa simu: kwenu chui aliogopwa, aliheshimiwa au alichekwa katika hadithi? Nani alikulea wazazi wako walipokuwa kazini? Mlihama mara ngapi, na nani alikushika mkono?

Njooni na majibu Jumamosi. Tutaanza na yule aliyekaa karibu na dirisha.